Msumeno wa baba, vidole vya mtoto

Baba anayechonga vigari na vibao vya kukatia mboga siku za mapumziko, kwenye kibanda nyuma ya nyumba, hufika mahali msumeno wa mkono ukamchosha. Akienda dukani kutafuta msumeno mdogo wa utepe, wa umeme, huanza na bei. Angeanza na swali hili: nani mwingine huingia kibandani?

Kwa kazi za nyumbani, mashine ya kuweka juu ya meza, yenye magurudumu ya inchi 9 au 10, inatosha. Utepe mwembamba wa milimita 6 hukata mikunjo. Wa milimita 12 hukata vizuri zaidi mstari ulionyooka. Meno yake hukata kuelekea chini, hivyo ubao hukandamizwa mezani, tofauti na msumeno wa duara unaoweza kuurusha nyuma.

Hatari ipo baada ya kuzima. Mota hunyamaza, utepe bado unazunguka, na mtoto huamini kazi imekwisha.

Kwa hiyo mzazi achague mashine yenye swichi ya ufunguo unaochomoka, na kinga inayoshushwa hadi karibu na ubao. Glovu asivae, maana hunaswa. Plagi ichomolewe kabla ya kubadili utepe, na jioni ufunguo ulale ndani ya nyumba.

Mtoto anayetaka kusaidia apewe msasa, mbali na mashine. Kigari alichokilainisha mwenyewe atakitunza.