Kupima Mtoto Bila Kumwambia Mama Kitu, Hiyo Siyo Huduma

Wandugu vijana wa Baraka, wa Fizi, wa Ubwari yote,

Siku ya CPS, ile siku ya kupima watoto, wamama wanafika mapema kwenye kituo cha afya. Wengine wametembea kwa mguu tangu usiku, wengine wamepanda mtumbwi kuvuka ghuba. Mtoto anawekwa kwenye mzani, kilo zinaandikwa, kadi inarudishwa, na mama anaambiwa arudi mwezi ujao. Lakini simama mlangoni umwulize: "Mama, mtoto anaendelea namna gani?" Mara nyingi jibu linakuwa moja: "Wamempima." Wamepima wameona nini? Hajui. Hakuna aliyemwambia.

Mama huyo alitoka nyumbani, akaacha shamba, akaacha biashara yake ya ndakala, akapoteza siku nzima. Kituo kimepata namba ya kuweka kwenye ripoti. Yeye amerudi vile alivyokuja.

Tunajua wengi wenu mmezoea tuandike juu ya usalama, barabara, na kodi za vizuizi. Leo tunaandika juu ya lishe kwenye CPN na CPS, sababu njaa ya mtoto haipigi risasi na haifungi barabara. Inakula polepole, na hakuna anayefanya maandamano juu yake.

Neno bwaki siyo geni Kivu. Bibi zetu walilijua: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu, anakosa nguvu hata ya kulia. Bukavu, tangu mwaka 1965, watu waliunda Comité Anti-Bwaki ili kupigana na ugonjwa huo. Miaka 60 imepita na bado tuko na bwaki. Na mbali na bwaki, kuna ile nyingine ambayo haionekani haraka: kudumaa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5, 43 wamedumaa. Uchunguzi wa 2017-2018 ukakuta 42. Miaka minne ya semina, magari ya miradi na mabango, tumetoka 43 mpaka 42.

Mtoto aliyedumaa hatuoni kama mgonjwa. Tunasema "ni mfupi kama baba yake." Lakini wataalamu wa lishe wanahesabu siku 1000: siku 270 za mimba, na siku 730 za miaka miwili ya kwanza. Katika siku hizo mwili na ubongo vinajengwa haraka kuliko wakati mwingine wowote, na kinachopotea hapo ni vigumu sana kukirudisha. Sasa angalia: katika siku hizo 1000, ni wapi serikali inakutana na mama mara kwa mara? Ni kwenye CPN na CPS. Pahali pengine hakuna. Kama nafasi ile inapotea kwa kuandika kilo tu, hakuna shule wala mradi wa vijana utakaokuja kurudisha.

Basi tujue huduma nzuri iko namna gani, ili tuweze kuidai.

Mtoto anapimwa kilo na urefu. Mkono wake wa juu unazungushiwa ule utepe wa rangi ambao wauguzi wanauita Shakir. Kijani, kuanzia milimita 125 kupanda, ni vizuri. Manjano, kati ya 115 na 125, ni hatari inakuja. Nyekundu, chini ya 115, ni utapiamlo mkali. Halafu muuguzi anabonyeza kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde chache: kama shimo linabaki, huo ni uvimbe wa bwaki, hata kama utepe unaonyesha kijani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali lakini ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mzito, anatunzwa akiwa nyumbani na kurudi kituoni kila wiki (UNTA). Yule anayekataa kula, ana homa kali au amelegea, anapelekwa hospitali haraka (UNTI). Na mwisho wa yote, mama anaonyeshwa mstari kwenye kadi: unapanda, umelala, au unashuka. Mstari uliolala miezi miwili ni kengele. Mama akiielewa, hatangoja miguu ivimbe.

Kwenye CPN pia, kumgusa tumbo mama mjamzito haitoshi. Anatakiwa apimwe kilo na mkono, apewe vidonge vya chuma na asidi foliki vya kila siku, dawa ya minyoo, kinga ya malaria na chandarua. Aelezwe pia vile vidonge ni vya nini, maana wengi wanaviacha vikianza kuwaletea kichefuchefu. Mama asiye na damu ya kutosha anaingia chumba cha kuzalia akiwa tayari kwenye hatari. Akitokwa damu nyingi, hana akiba.

Hapa mtu atasema: "Lakini Plumpy'Nut haiko, mnataka wauguzi wafanye nini?" Tujibu swali hilo vizuri, sababu ndilo linalofunika kila kitu.

Ile pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500 imeokoa watoto wengi, hatuidharau. Lakini angalia imetokea wapi. Kwa miaka mingi, Baraka ilitegemea wageni. Madaktari Wasio na Mipaka walikuja mwaka 2003, na mwishoni mwa 2020 wakafunga kazi yao hapa, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa na watu wenye silaha. Aibu ile ni yetu pia, tuiseme. Halafu mwaka 2025 Marekani ikakata misaada yake, Bukavu ikaangukia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili, na njia za dawa na vifaa zikazidi kuwa ngumu. Kila mgeni akiondoka, tunagundua kwamba huduma ilikuwa yake, haikuwa ya zoni ya afya.

Lakini utepe wa Shakir haumalizikagi. Kidole gumba hakisubiri ndege. Kumweleza mama mstari wa kadi ni dakika tatu. Kumwandikia barua ya kwenda hospitali ni karatasi moja. Pakiti zikikosekana, kazi hizo ndizo zinakuwa na maana zaidi, maana lazima umkamate mtoto akiwa bado kwenye manjano. Badala yake, tunasikiaga kwamba pahali pengine, pakiti zikiisha, hata kupima mkono kunaisha, na wamama wanaambiwa "hakuna kitu, rudini." Matokeo yake mama anajifunza kwamba CPS ni siku ya kugawiwa. Siku isipokuwa na kitu cha kugawa, haji.

Na mashauri ya chakula? Mama anaambiwa ampe mtoto nyama, mayai na maziwa. Anaitikia "ndiyo, muganga," na moyoni anajua hana pesa ya yai moja kila siku. Shauri ambalo halianzi na sufuria ya mama ni maneno tu. Sisi tunakaa juu ya Tanganyika. Ndakala iliyokaushwa na kusagwa ikaingizwa kwenye uji ni chakula cha kujenga mwili. Karanga ya kusaga pia. Maharagi yaliyopondwa, sombe au lengalenga yenye mawese kidogo, papai, embe: hivyo vyote viko sokoni Baraka. Uji wa mihogo peke yake unashibisha tumbo na kuacha mwili na njaa. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, halafu aanze chakula chenye mchanganyiko huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Na maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, sababu hapa kwetu kolera tunaijua kwa jina na kwa sura, na mtoto anayehara kila mara hata ukimlisha vizuri atakonda.

Tuseme na lingine, hata kama litaudhi. Nyumba nyingi samaki iko, lakini inauzwa yote asubuhi, na ile inayobaki kipande kizuri kinaenda kwa baba. Mjamzito na mtoto wanabaki na mchuzi. Hiyo haihitaji mradi wa dola. Inahitaji sisi wanaume, pamoja na sisi vijana ambao bado tunakula kwa mama zetu, tusogeze sahani.

Lakini tusimtupie mama mzigo wote. Familia iliyokimbia mapigano na kuacha shamba la mihogo milimani haina cha kuchanganya kwenye uji. Kumfokea mama kama huyo mbele ya foleni, "wewe humlishi mtoto," ni ukatili, na ni njia nzuri ya kuhakikisha hatarudi tena.

Wala wauguzi siyo maadui wetu. Wengi wanafanya kazi bila mshahara wa serikali. Wanaishi kwa prime inayochelewa na kwa pesa kidogo inayotoka kwa wagonjwa. Muuguzi mmoja mbele ya watoto 80 hawezi kumweleza kila mama. Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula inahakikishwa. Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka 15% ya bajeti kwenye afya. Kongo haijafika hapo. Mwaka 2023, Kinshasa, serikali ilizindua uzazi wa bure kwa ngoma na hotuba. Vizuri. Lakini mama wa Kazimia au wa Sebele hali hotuba, na kuzaa bure baada ya miezi tisa bila vidonge vya damu ni nusu ya kazi.

Wengine watatuambia kwamba kuna vita, huu siyo wakati wa kuongea mizani. Sisi tunaona kinyume. Vita vitaisha siku moja, na watoto waliodumaa leo ndio watakaoachiwa nchi ya kujenga.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila kituo cha afya kibandike ukutani, kila mwezi, idadi ya pakiti za matibabu, vidonge vya chuma na vitamini A vilivyoingia, vilivyotolewa na vilivyobaki. Pakiti ikionekana inauzwa sokoni, tuanze kuuliza ghala kabla ya kumkamata mama.

2. Mtoto asitoke CPS bila kupimwa kilo, urefu, mkono na miguu, na mama asitoke bila kuelezwa matokeo kwa lugha anayoielewa, Kiswahili, Kibembe au nyingine.

3. Kila mwezi kuwe na siku ya kupika kituoni kwa chakula cha hapa hapa, na wababa waalikwe.

4. Serikali iwaingize wauguzi kwenye orodha ya mishahara, na iweke pesa yake yenyewe kununua vifaa vya lishe, isiwaachie wageni.

Na sisi? Wengi wetu tuko na diploma na hatuna kazi. Muda tunao. Kila eneo la afya linatakiwa kuwa na CODESA, kamati ya wananchi inayofuatilia kituo. Je, unawajua wajumbe wa kwenu? Walikutana lini mara ya mwisho? Tunaomba kila kundi letu la mtaa lichague watu wawili, wawende kwa heshima, bila kelele na bila kupiga wamama picha, waombe kuhudhuria mkutano, na waulize maswali manne: mwezi uliopita watoto wangapi walipimwa mkono? Wangapi walikuwa manjano, wangapi nyekundu? Wangapi walitumwa hospitali, na walifika? Vidonge vya wajawazito vilikosekana siku ngapi?

Majibu yaleteni, tutayapeleka kwa mkubwa wa zoni ya afya na kwa wabunge wetu, kwa barua na kwa miguu. Na wale wanaoweza, wajitolee siku ya CPS: kupanga foleni, kuandika kadi, kushika utepe baada ya kufundishwa, ili muuguzi apate zile dakika tatu za kuongea na mama.

Mama akitoka pale mlangoni, tukimwuliza mtoto anaendelea namna gani, tunataka atuambie yeye mwenyewe mstari umepanda au umelala, na atakachofanya jioni hii.