Sauti Isiyo na Msemaji

Kijana wa Maua, mji wa Igembe huko Meru nchini Kenya, asikiapo jina lake likiitwa usiku ilhali hakuna amwitaye, aghalabu jamaa zake hunena kwamba amerogwa. Nami naona kauli hiyo inamdhulumu, kwani ubongo wake wafanya kazi ileile ufanyayo ubongo wa kila mja, yaani kukisia yajayo kwa kutegemea yaliyopita, na kujisahihisha kila hisi zinapoukanusha. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwazoesha watu kuona nakshi na kusikia mlio kwa pamoja, na baadhi yao wakausikia mlio hata usipopigwa, hasa wale ambao tangu hapo awali walikuwa wakisikia sauti.

Sasa, miraa mbichi ya Igembe na muguka wa Mbeere huko Embu, majani ambayo vijana kama huyo huyatafuna, vina kathinoni, ambayo huzidisha dopamini, kemikali itumiwayo na ubongo kujifunza lipi ni la maana na lipi la kupuuzwa. Dopamini ikizidi, hata jani litikisikalo huwa ishara. Fauka ya hayo, mtafunaji hukesha, na ubongo usiolala hukosea zaidi katika kukisia kwake.

Sisemi mkulima ang'oe mti umsomeshao mwanawe. Mombasa ilipoupiga marufuku muguka Mei 2024, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisitisha amri ile, mjadala uligeuka kuwa wa malori na masoko, mgonjwa akasahauliwa. Nadai zahanati za Maua, na za Siakago huko Mbeere, ziwe na mtu wa kumuuliza kijana, kwa upole na bila kumcheka, anasikia nini, tangu lini, na jana alilala saa ngapi.