Wa migodi, tusome na kupima

 Najua wengi mnahangaika na insha huku mkibeba boksi usiku, kwa hiyo sitawachosha. Leo nasema na sisi wachache tuliokuja Uingereza kuchukua masters ya uhandisi wa madini, na wale wanaofikiria kuomba mwakani. Masomo tunachagua vibaya, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mwaka 2017 nilikuwa Mlimani, mwaka wa tatu. Mtakumbuka sakata la makinikia. Machi serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje ule mchanga wenye dhahabu na shaba, makontena 277 yakakwama Dar. Mei kamati ya Profesa Mruma ikasema ndani yake mna dhahabu tani 7.8. Acacia, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa na makao yake hapa hapa London, ikakataa katakata. Kantini tulibishana mpaka chai ikapoa. Wahandisi watarajiwa tumejaa meza mbili, na hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza sampuli inachotwaje kwenye kontena la tani 20. Tulibishana kwa uzalendo tu.

Sasa angalieni. Maabara hupima dhahabu kwa kuyeyusha unga wa gramu 30 au 50 hivi pamoja na risasi. Gramu 50 zinasema kwa niaba ya tani 20! Ukichota juu juu, au usipopima unyevu, hata maabara iwe nzuri vipi, jibu limeshaharibika kabla halijafika mezani. Mfaransa Pierre Gy aliijengea nadharia nzima kosa hili la uchotaji. Bei ya dhahabu inapangwa London mara mbili kwa siku na kila mtu anaiona. Ubishi uko kwenye kiasi.

Nilipofika huku nikachagua mada ya mashimo marefu, mgandamizo wa miamba kilomita mbili chini ya ardhi. Ina hadhi, halafu ina picha nzuri za kutuma nyumbani ukiwa na helmeti. Sampuli lilikuwa somo la hiari, darasani tuko sita. Ukweli niliingia kwa sababu lilianza mchana, na mnaoijua treni ya Jubilee asubuhi kutoka Kingsbury mtanielewa. Wiki ya tatu nikabadili mada ya tasnifu. Msimamizi wangu hakufurahi, na mjomba kule Kahama aliniuliza kama nimefeli.

Wapo wanaosema vipimo ni kazi ya mkemia na mikataba ni ya wanasheria. Sikubaliani nao hata kidogo. Sheria za 2017 zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 mgodini. Madai ya kodi ya dola bilioni 190 yakaishia kwenye makubaliano na Barrick ya dola milioni 300, na kampuni ya Twiga ikazaliwa. Haya, asilimia 6 ya nini? Ya namba iliyotokana na mtu aliyeshika kijiko cha sampuli. Huyo mtu akiwa hajui kazi, mwanasheria atatetea nini? Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa 2021, uwezo wake kilo 480 kwa siku. Pale hawahitaji bingwa wa mashimo ya kilomita mbili.

Sisemi wote tuhamie maabara. Mgodi bila wachimbaji si mgodi. Nasema kabla hujajaza fomu, tafuta masomo ya uchenjuaji, sampuli na uchumi wa madini, hata kama hayana picha nzuri.

Jumamosi hii niko nyumbani. Nitanunua mogo kwa Wahindi pale Kingsbury Road (ndiyo, ni muhogo wetu, jina wamekuja nalo kutoka Afrika Mashariki) na nitakaanga. Mwenye orodha ya masomo yake aje nayo, soda alete mwenyewe.