Zaka Si Chenji za Dukani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila Ijumaa asubuhi, katika madukani yetu hapa Mombasa, huwekwa bakuli la sarafu karibu na mlango. Safu ya masikini hupita duka kwa duka: vikongwe, vipofu walioshikwa mkono na wajukuu, akina mama wenye watoto mgongoni. Kila mmoja hutiwa sarafu yake kiganjani, akaomba dua, akaenda mlango wa pili. Ikikaribia saa sita bakuli limekwisha, mwenye duka anatawadha na kwenda zake msikitini, moyo mweupe. Ijumaa ya pili ni watu wale wale, mlango ule ule, na bakuli lile lile.

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na sadaka. Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujikinge na Moto japo kwa nusu ya tende, na nani mimi nimkataze mtu kutoa alichojaaliwa? Ugomvi wangu ni na wale wanaolihesabu bakuli hilo katika zaka yao. Nao si wachache. Mwaka ukitimia hukaa na daftari lake, akajumlisha sarafu za Ijumaa zote, akazitoa katika ile shilingi mbili na nusu ya kila mia aliyofaradhishiwa, kisha akasema: "Alhamdulillahi, nimekwisha toa." Tena wengi wao siku walipokuwa wakitoa hawakutia hata nia ya zaka. Mas'ala hayo peke yake yatosha kumkosesha mtu usingizi, lakini leo siyo niliyoyakusudia.

Ninalolikusudia ni hili: zaka haikufaradhishwa ili imvushe masikini kutoka Ijumaa moja hadi nyingine hali yeye ni masikini yule yule. Na sisi masheikh twalijua hilo, tukanyamaza.

Nasema twalijua kwa sababu limo katika kitabu tulichosomeshwa sote. Nani katika maalim wa pwani hii asiyeifahamu Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra? Katika mlango wa kugawa zaka imetajwa kauli kwamba fakiri na masikini wapewe cha kuwatosha mwaka mmoja. Imamu Nawawi hakuridhika na kauli hiyo. Akaeleza kuwa lililo sahihi zaidi, lililotajwa na Imamu Shafii mwenyewe na kushikwa na wengi wa wanavyuoni, ni kuwa wapewe cha kuwatosha umri ambao watu kwa kawaida huuishi, wakinunuliwa kwacho milki itakayowaletea pato. Hilo ni kwa asiye na kazi. Ama mwenye kazi ya mkono, washereheshaji wakasema apewe vyombo vya kazi yake, na mfanyabiashara apewe rasilmali ya biashara yake, nao wakataja mpaka kiasi kwa hesabu ya zama zao: muuza mboga dirhamu 5, mwokaji mikate 50, muuza nguo 2,000. Tazama walivyoingia ndani ya jambo! Waliketi wakafikiri mwokaji mikate ahitaji nini ili asirudi tena kuomba. Sisi tumeketi tukafikiri sarafu ngapi zienee katika safu.

Na Imamu Nawawi hakulizua hilo. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kuwa mtu mmoja katika Ansari alikuja kumwomba Mtume (s.a.w.). Mtume hakumpa kitu. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo moja nzito, nusu wajifunika na nusu wakitandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviagiza, akavinadi mbele ya masahaba. Mmoja akasema dirhamu moja, mwengine akafikisha mbili. Dirhamu moja akamwambia akanunulie watu wake chakula, na ya pili akanunue shoka na kumletea. Mtume wa Mwenyezi Mungu akatia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni, na asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Mara ngapi tumeisimulia hadithi hii juu ya mimbari! Na kila tukiisimulia twaigeuza kuwa ya kumlaumu mwombaji: "Mwaona? Mtume amekataza kuombaomba." Twasahau kuwa katika kisa hiki aliyehangaika ni yule aliyeombwa. Yeye ndiye aliyeuliza, aliyenadi, aliyetia mpini, aliyeweka muda wa kuangalia matokeo. Sisi twamlaumu masikini kwa kukosa shoka hali hatujamuuliza hata siku moja ana nini nyumbani.

Na safu hizi tunazozipenda, yafaa tukumbuke zilikowafikisha wenzetu. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2008, katika mji wa Pasuruan nchini Indonesia, wanawake 21 walikufa kwa kukanyagana mlangoni mwa tajiri mmoja aliyekuwa akigawa zaka, na fungu lenyewe lilikuwa rupia 30,000 kwa mtu, pesa za kununulia vitu vya siku moja mbili tu. Ramadhani ya mwaka 2023, mjini Sanaa nchini Yemen, walikufa zaidi ya watu 70 kwa namna hiyo hiyo. Wale waliotoa hawakuwa watu wabaya. Walitaka kutoa kwa mkono wao, watu waone. Basi watu waliona.

Sasa nitaleta ushahidi dhidi ya nafsi yangu, asije mtu akasema sheikh anawanyoshea wengine kidole.

Kuna mama mmoja ambaye kwa miaka tisa nilimpa shilingi kumi kila Ijumaa, mlangoni mwa chuo changu. Sikujua akaa wapi wala ana nani. Ijumaa mbili hakuonekana. Ya tatu alipokuja nikamwuliza: "Mama, ulikuwa safari?" Akaniambia: "La, Maalim. Mjukuu wangu amefariki. Aliharisha siku tatu. Nami nilimnyima maji, kwani niliambiwa maji yazidisha kuhara."

Sikuwa na la kusema ila innaa lillahi. Nikamkaribisha ndani, nikamuuliza kwa mara ya kwanza yale ambayo ningemuuliza tangu mwanzo. Kumbe ni mpishi wa mahamri. Zamani akiyauza alfajiri pamoja na mbaazi, mpaka mumewe alipougua wakauza karai na jiko, na tangu hapo hakupata tena pa kuanzia. Usiku ule nikapiga hesabu. Shilingi kumi kwa Ijumaa ni 520 kwa mwaka; kwa miaka tisa ni 4,680. Kwa pesa hizo, lau ningezitoa mara moja mwaka ule wa kwanza, angepata karai, jiko la makaa, unga na mafuta ya kuanzia. Nilitoa mali ile ile, nikamweka katika safu miaka tisa.

Lakini karai silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni yule mtoto. Chumvi ilikuwako nyumba ile, na sukari haikosekani kwa jirani. Kilichokosekana ni maneno machache ya ilimu, nami ndiye mwalimu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizia wenzetu wamefanya nini. Bangladesh ni nchi ya Waislamu, iliyotoka katika vita vya mwaka 1971 ikiwa masikini kuliko sisi, na maradhi ya kuhara yakiwamaliza watoto wake. Madaktari mjini Dhaka walikuwa wamekwisha thibitisha, mwaka 1968, kuwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo humrudishia mgonjwa yale yaliyomtoka. Ilimu ikawako hospitalini, na watoto wakawa wanakufa vijijini. Hapo jumuiya iitwayo BRAC, iliyoanzishwa mwaka 1972 na marehemu Fazle Hasan Abed, ikaamua kulipeleka jambo hili mlango kwa mlango. Kuanzia mwaka 1980 wanawake waliofunzwa walikwenda kijiji kwa kijiji, wakiketi jikoni na kila mama, wakimfundisha kwa vilivyomo nyumbani mwake: chumvi ya kushika kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru ya ukufi mmoja, katika maji yaliyopimwa. Kwa muda wa miaka kumi walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Na sikilizeni walivyowalipa wafundishaji wao: hawakuwalipa kwa idadi ya nyumba walizozitembelea. Baadaye alikuja mtu mwengine akawajaribu baadhi ya wale akina mama, na kadiri walivyokumbuka, ndivyo mfundishaji alivyolipwa. Sisi tunaosomesha vyuoni tungelipwa hivyo, wangapi tungelala njaa?

Mwaka 2002 jumuiya hiyo ikaanza kazi nyingine kwa mafakiri wa mwisho kabisa. Mama hupewa mnyama wa kufuga au rasilmali nyingine ya kumletea pato, posho kidogo ya kumshikiza ili asije akamwuza ng'ombe kwa njaa, na mtu wa kumtembelea kila wiki kwa muda wa miaka miwili. Mpango wa namna hii ulijaribiwa katika nchi sita, Ethiopia na Pakistan zikiwamo, na matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa hali za watu zilikuwa bora hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Kwa mikopo yao ya riba mimi simo, na nisinukuliwe nimeihalalisha. Nasema juu ya kile walichokitoa bure. Hiyo ni hadithi ya shoka, ndugu zangu, pamoja na zile siku kumi na tano za kurudi kuangaliwa.

Nikilisema hili hujibiwa kuwa masikini wetu akipewa rasilmali ataila. Wengine wataila, ndiyo. Na wewe uliyerithi duka la baba, mara ngapi umekula rasilmali, na baba akakujazia? Mwengine huniambia pesa za zaka haifai kuwalipa watumishi wa kuzunguka na kuandika. Ajabu! Katika Sura ya Tawba, Mwenyezi Mungu amewataja wanaozitumikia zaka katika mafungu manane, fungu la tatu, baada tu ya mafakiri na masikini. Wengine husema afya ni kazi ya serikali. Naam, na yule mtoto alikufa akiingojea.

Liko neno moja la kweli katika majibu yao, nami silifichi. Kwa madhehebu yetu zaka yamilikishwa mtu mwenyewe, kwa hivyo haichimbi kisima wala haijengi zahanati. Mlango wa hayo ni sadaka na wakfu, kama alivyofanya Sayyidna Uthman (r.a.) kwa kukinunua kisima cha Ruma na kuwaachia Waislamu. Basi bakuli la Ijumaa, ambalo ni sadaka, liende huko: limlipe mwanamke wa mtaani aliyefunzwa na wauguzi, aingie majikoni kuonyesha lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi isiyozidi, na amwambie mama ampe mtoto kidogo kidogo hali akimpeleka kituo cha afya, ambako ziko pakiti zilizo bora kuliko hayo. Na zaka, ambayo ni haki ya fakiri katika mali yako, ikusanywe na maduka kumi pamoja, iwapatie watu watatu wanne kwa mwaka vyombo vyao kamili, wala wasiitwe mlangoni mwa mtu.

Mama yule sasa anapika. Karai tulimnunulia watu watano, na Ijumaa siku hizi hapiti, kwani wakati huo yuko sokoni akitafuta nazi na hiliki. Wanafunzi wangu wakubwa wamezunguka mtaa wetu kuuliza kila nyumba ina nini na yakosa nini. Orodha yake ninayo, ina nyumba thelathini na nne. Mwenye kutaka kuiona aje chuoni baada ya sala ya alasiri, na daftari lake la zaka.