Kupiga na Kuangusha: Somo Moja Lililogawanywa

Katika vijito vya mikoko vinavyoungana na mdomo wa Mto Ruvuma, pale Tanzania inapopakana na Msumbiji, mtu apigaye upondo husimama wima ndani ya mtumbwi, akaukita ule mti chini na kujisukuma mbele. Siku upondo unaponasa matopeni naye akachelewa kuuachia, hutokea jambo ambalo watoto wa pwani hulicheka sana. Mtumbwi huendelea na safari ukiichukua miguu yake, mikono hubaki nyuma pamoja na mti, na mtu mzima hujikuta majini. Hakuna aliyempiga wala aliyemzidi nguvu. Ameshikwa na kani mbili katika sehemu mbili za mwili, moja juu na nyingine chini, kila moja ikivuta upande wake. Mwalimu wa fizikia huita hali hiyo jozi ya kani. Mwalimu wa kungfu huiita mwangusho.

Vijana wengi wa miji yetu, Mtwara ikiwa mojawapo, wameijua kungfu kwa njia ya filamu. Filamu ina tabia ya kupenda kinachoonekana kwa mbali, yaani teke la juu, ngumi ya haraka, mruko. Mwangusho hauonekani vizuri kwa sababu miili miwili imekumbatiana na kazi yote inafanyika baina ya nyayo na ardhi. Hata filamu mashuhuri ya Enter the Dragon ya mwaka 1973 hufunguliwa kwa pambano ambalo Bruce Lee na Sammo Hung hupigana, huangushana, na kumalizana chini mmoja akiwa amebanwa hadi akubali kushindwa. Lakini muulize kijana aliyeitazama mara tano akuambie anachokumbuka, naye atarusha teke.

Wachina wenyewe hawakuanza hivyo. Katika mafundisho yao ya zamani ufundi wa mapambano huhesabiwa kuwa wa aina nne: ti, yaani mateke, da, mapigo ya mkono, shuai, miangusho, na, mikamato ya viungo. Jenerali Qi Jiguang, aliyeishi baina ya mwaka 1528 na 1588 na kupambana na maharamia katika pwani za Zhejiang na Fujian, aliandika kitabu cha mafunzo ya askari kiitwacho Jixiao Xinshu kipatacho mwaka 1560. Humo aliwataja mabingwa wa siku zake, huyu kwa mateke, yule kwa miangusho, mwingine kwa mikamato, kisha akawalaumu kwamba kila mmoja amerithi sehemu moja na kukosa nyingine. Ni vema kukumbuka pia kwamba jenerali huyo hakudai kuwa ngumi zingeshinda vita. Aliona faida yake kuwa ni kuzoeza mikono na miguu ya askari mgeni. Kwa shule ya sekondari, hiyo ndiyo faida inayotafutwa.

Kiswahili nacho hakikutenga mambo hayo. Mtu hupiga ngumi, hupiga kofi, hupiga teke. Na yule anayemkata mwenzake miguu amempiga mtama, na anayembwaga katika mieleka amempiga mwereka. Lugha si ushahidi wa kisayansi, na kitenzi hiki kina kazi nyingi mno, kwani hata pasi na simu hupigwa. Hata hivyo mtama unastahili kuangaliwa kwa makini, maana ni nusu pigo na nusu mwangusho, na ndani yake mna hoja yote ya makala haya: kwamba pigo na mwangusho ni tendo moja, na kwamba mwanafunzi afundishwaye kimoja kwa miaka na kingine baadaye hufundishwa vibaya.

Hoja hii inaweza kupimwa kwa hesabu za Kidato cha Pili au cha Tatu. Chukua mwanafunzi wa kilo 60 aliyesimama wima, miguu sambamba. Mstari unaoshuka kutoka kitovu chake cha uzito hupita, kwa kukadiria, sentimita 10 mbele ya ukingo wa visigino. Uzito wake ni kiasi cha nyutoni 590. Kwa hiyo momenti inayompinga anayemsukuma nyuma ni 590 mara 0.1, yaani nyutoni-mita 59. Ikiwa mkono unamsukuma kifuani, mita 1.2 juu ya ardhi, kani inayohitajika kumwinua vidole na kumlaza nyuma ni nyutoni 49 tu. Hizo ni sawa na uzito wa mfuko wa unga wa kilo 5.

Mbona basi watu hawaanguki kutwa nzima penye foleni ya kivuko? Kwa sababu hakuna anayesubiri kuanguka kama nguzo. Mwili ukihisi kwamba mstari ule unakaribia visigino, mguu mmoja hurudi nyuma na kuuweka msingi mpya. Basi anayetaka kuangusha hashindani na uzito wa mwenzake. Anashindana na mguu ule mmoja, na kazi yake ni kuunyima mahali pa kutua.

Hapa ndipo ngumi inapoingia. Tuseme sehemu ya mkono na bega iingiayo katika pigo ina tungamo la kilo 3 na inafika kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde. Ikisimama kifuani, humwachia aliyepigwa msukumo wa nyutoni-sekunde 24. Gawanya kwa kilo 60: mwili unarudi nyuma kwa mita 0.4 kwa sekunde. Ni kasi ndogo, pungufu ya mwendo wa mzee anayetembea taratibu, na wale wanaorushwa hadi ukutani katika filamu huvutwa kwa kamba. Lakini kwa kasi hiyo ndogo kitovu cha uzito kitakuwa kimepita zile sentimita 10 katika robo ya sekunde. Aliyepigwa hana budi kuinua mguu.

Mguu ulioinuka na unaokaribia kutua hauna uzito juu yake. Msuguano hufuata kani inayoukandamiza unyayo, na kani ikiwa ndogo, msuguano nao ni mdogo. Wakati huo mtama mwepisi unatosha. Mara unyayo ukishatua na nusu ya mwili au zaidi ikauelemea, unyayo huohuo unakuwa mgumu kama kigingi, na anayeupiga huumia yeye. Nafasi hiyo hudumu sehemu ndogo ya sekunde.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi ilivyo fupi akiwa na rula ya sentimita 30. Mmoja aishike kwa juu, mwingine aweke vidole penye sifuri bila kuigusa, kisha iachiwe bila taarifa. Wengi huidaka karibu na sentimita 20, umbali ambao kitu kinachoanguka hupita kwa sekunde 0.2. Huo ndio muda wa jicho kuona na mkono kutii pale ambapo hakuna cha kuchagua. Ukiongeza kuchagua, ukaongeza na muda wa mguu kusafiri, utaona kwamba mwanafunzi anayepiga ngumi, akatazama imefanya nini, kisha akaamua kupiga mtama, daima amechelewa. Mtama wake lazima uwe umekwisha kuanza ngumi inapogusa. Jambo la namna hiyo haliwezi kujengwa kwa kuunganisha mazoea mawili yaliyokomaa mbalimbali. Hujengwa tangu siku za kwanza, polepole, kama mwandiko.

Wapo wapingao kwa sababu nzito. Kano Jigoro, mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliyaondoa mapigo katika mazoezi huru kwa makusudi na kuyabakiza katika mifano iliyopangwa. Alitaka wanafunzi waangushane kwa nguvu zao zote kila siku bila kuvunjana pua. Huo ulikuwa uamuzi wa mwalimu hasa, na judo imeonyesha matunda yake dunia nzima, Zanzibar ikiwamo. Lakini gharama yake ilikuwa kwamba mchezaji wa judo huweza kusogea kifua mbele kana kwamba ngumi haipo duniani. Karate ya mashindano ilichukua njia ya pili, ikayatukuza mapigo na kuipunguza nafasi ya miangusho, ikalipa gharama ya aina nyingine.

Wachina walipoanza majaribio ya mchezo wa mapambano huru mwaka 1979, walijaribu kurudisha vyote mahali pamoja kwa kuvaa glavu, kofia na kinga ya kifua. Anayemwangusha mwenzake akabaki amesimama hupata pointi 2, wakati ngumi iliyofika vizuri hupata 1. Mchezo huo huitwa sanshou, au kwa jina lipendwalo zaidi sasa, sanda, jina ambalo kwa sikio la Mswahili halina bahati. Kanuni ya kwamba lazima mwangushaji abaki wima ni ya busara. Inamlazimisha kujenga mizani yake mwenyewe kabla ya kuivunja ya mwenzake, na inamzuia kumwangukia aliye chini.

Upingamizi wa pili hutoka kwa baadhi ya walimu wakuu, nao ni wa kupiga marufuku tu: kungfu ni uhuni, basi. Marufuku hiyo haijamzuia kijana hata mmoja aliyeazimia. Inamhamisha kutoka uwanjani hadi nyuma ya bweni, na nyuma ya bweni pana sakafu ya saruji.

Na saruji ndiyo hatari yenyewe. Mtu wa mita 1.6 akianguka kama gogo, visigino vikiwa egemeo, kichwa chake hufika chini kwa kasi ya takribani mita 6.9 kwa sekunde. Nazi ikiachiwa kutoka kimo hichohicho hufika kwa mita 5.6 tu. Wanafunzi wa Kidato cha Tano wanaweza kutafuta wenyewe kwa nini kichwa cha gogo huishinda nazi. Kasi hiyo lazima iishe, na swali pekee ni katika umbali gani. Ikiishia ndani ya nusu sentimita, kama kwenye saruji, kani inayokipata kichwa ni mara 10 ya ile ya kuishia ndani ya sentimita 5 za mchanga uliolegezwa. Ubongo hauna misuli ya kujitetea. Mwanafunzi aliyegonga kichwa kisha akatapika, akasinzia au akababaika katika maneno hapaswi kurudishwa mazoezini wala kuachwa alale. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo kinachotangulia pigo na mwangusho pia ni kuanguka. Kidevu kibanwe kifuani ili kisogo kisigonge. Mgongo uviringwe. Mkono usinyoshwe kuikinga ardhi, maana uzito wote wa mwili utapita katika kifundo cha mkono na kuishia kwenye mtulinga, na mojawapo utavunjika. Afadhali mkono mzima ulale na kuipiga ardhi pamoja na ubavu, ili kani igawanywe katika eneo kubwa. Majuma sita ya kazi hiyo, kwanza kwa kuchuchumaa, kisha kwa kusimama, si mengi. Watachoka na kunung'unika kwamba walikuja kujifunza kupiga. Wanung'unike.

Magodoro ya michezo ni ghali, na shule nyingi hazitayanunua mwaka huu wala mwaka ujao. Pwani ya Mtwara ina mbadala wake, kuanzia Shangani hadi Msimbati, lakini mbadala huo unataka akili. Mchanga mkavu wa juu ya ufuko hulegea chini ya nyayo, ni mzuri kwa kuanguka na mbaya kwa mtama, kwa kuwa mguu huzama na hautelezi. Mchanga mbichi ulioachwa na maji kupwa ni mzuri kwa hatua na mbaya kwa kuangukia, kwani chembe zake zimeshikamana na hugonga karibu kama sakafu. Njia iliyo nafuu ni kufanya zoezi mpakani: anayeshambulia asimame penye mchanga mgumu, na nyuma ya anayeangushwa palimwe kwa jembe kina cha sentimita 20, na mawe ya matumbawe yaondolewe. Siku za bamvua, maji yanapopwa na kujaa kwa tofauti ya mita 3 na zaidi, ukanda huo huwa mpana kwa saa kadhaa. Siku za maji mafu ni mwembamba, na darasa la watu 40 halitatosha.

Mchanga usisombwe kwa lori kupelekwa shuleni. Ufuko unaochimbwa huliwa na mawimbi, na sehemu kubwa ya pwani ya kusini mwa mji ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Wanafunzi ndio waufuate mchanga. Kwa shule za Newala na Masasi, zilizo mbali na bahari, shimo la miruko mirefu lililopo uwanjani linatosha wanafunzi wawili wawili, mradi lilimwe upya na kuchekechwa vipande vya chupa kabla ya kila zoezi.