Machungu ya Kuachwa na Sitara ya Fumbo

Wako wenzetu wa Pwani wanaoudhika wakisikia vijana wakipiga regetoni, ule muziki wa Panama na Puerto Rico, hasa nyimbo ambamo mwanamke aliyeachwa humrushia maneno bwana aliyemwacha. Ati ni utovu wa haya ulioletwa kutoka nje. Mimi siafiki.

Ninafanya kazi Boito, kaunti ya Bomet, ambako huoni ila chai. Vijana wa pikipiki huzipiga nyimbo hizo kutwa, wala sijakutana na hata mmoja ajuaye Kispanyola. Si ajabu. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakimwimba Jimmie Rodgers wa Marekani, waliyemsikia kwenye santuri. Jina lake waliligeuza likawa Chemirocha.

Na machungu hayo sisi twayajua sana. Katika taarabu mwanamke huondoka kitini, akapita ukumbini akijitikisa, noti mkononi, akamtuza mwimbaji pale pale penye ubeti unaomchoma hasimu wake. Hasemi neno. Hasimu kakaa safu ya tatu na anajua, na walio karibu wanajua. Lakini jina halikutajwa, na kesho wawili hao waweza kukutana matangani wakapeana mkono. Vidonge vya Malika vimetuziwa katika harusi ngapi? Kila mtuzaji ana mtu wake, wala hakuna awezaye kuapa kwamba alikusudiwa yeye.

Sasa mtazame Shakira wa Kolombia. Alitengana na Gerard Piqué, yule mcheza kandanda wa Barcelona, mwaka 2022. Januari 2023 akatoa wimbo na Bizarrap wa Argentina, na majina ya bwana huyo na mpenzi wake mpya akayachomeka ndani ya maneno ya kawaida ya Kispanyola. Ni fumbo, naam, nami nilicheka nilipoelezwa. Ila dunia nzima ililifumbua siku ile ile. Mwezi uliofuata akaungana na Karol G katika TQG, ambao ni regetoni hasa, na vijembe vikaendelea.

Simlaumu kwa kuumwa. Wanaomtaka mwanamke aliyeachwa anyamaze mara nyingi ndio hao hao waliomwacha. Linalonichoma ni wale wavulana wawili waliozaliwa baina yao, ambao watausikia wimbo huo madukani na shuleni mpaka wawe watu wazima. Dini yetu ikitaka watu waachane kwa wema, nadhani na watoto wamo katika hesabu hiyo.

Jirani yangu hapa ana mtoto wa miaka minne, na mumewe kahamia kwa mwingine. Juzi alitaka kuweka picha ya bwana huyo katika stetasi ya simu yake, na TQG nyuma yake. Nikamwambia, “Mwanangu, weka wimbo, picha iache.” Akaweka wimbo peke yake. Bwana amekwisha piga simu mara tatu kuuliza anaimbiwa nani.