Kubadilishana kwa mkono mmoja

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Kazi za gazeti, si mnajua. Leo sina habari ya bungeni wala ya mahakamani. Nina habari ya nyumbani kwetu Manyamanyama, na hasira ambayo nimekaa nayo wiki kadhaa nikingoja ipoe. Haijapoa.

Kwa wasiopajua, Manyamanyama ni pale Bunda, mkoa wa Mara, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Wengi wanapafahamu kwa sababu ya hospitali. Watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka tunawaona Bunda wakipita na magari yao ya vumbi. Wanatupungia mikono, basi. Hakuna anayeshuka. Mzungu kulala mtaani kwetu ni jambo la kusimuliwa mwaka mzima.

Machi mwaka jana mmoja alishuka. Mdogo wangu wa kike anasoma chuo Dar es Salaam, na hosteli alipangiwa chumba kimoja na binti kutoka nchi moja ya Ulaya, aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Muhula ulipoisha wazungu wenzake wakaenda Zanzibar. Yeye akawa anawaza kwao. Kwao wakati ule ni likizo ya majira ya kuchipua, theluji inayeyuka, miti inatoa majani mapya, na vijana wanarudi kwa wazazi. Mdogo wangu akamwambia, kama ni wazazi tu, mimi ninao, twende. Wakapanda basi la Musoma.

Mama alipopata habari alichanganyikiwa. Alikopa laki moja na nusu kwenye VIKOBA. Akanunua godoro, chupa mpya ya chai, mapazia na shuka mbili. Mimi niliomba likizo ya siku chache nikaenda kusaidia kupaka chokaa. Nilimwambia, mama, huyu ni mwanafunzi tu, analala chumba kimoja na mwanao. Akanijibu, "Nyamaza baba, wewe hujui aibu ya mgeni."

Siku ya kwanza alichinjwa kuku. Firigisi, ambayo kwetu haijawahi kumpita mzee, siku hiyo ilimpita. Mgeni akapewa kitanda cha wazazi, wao wakalala kwenye godoro jipya sebuleni. Siku ya pili akachinjwa kuku mwingine, na majirani wakaja kumwangalia akila. Binti wa watu alikaa kwenye kochi kama bibi harusi, kila akinyanyuka anaambiwa kaa, kila akishika ndoo ananyang'anywa.

Waswahili walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe aliliomba mwenyewe. Masika yalikuwa yameanza, watu wako kwenye palizi. Akasimama mlangoni na Kiswahili chake cha darasani akasema, "Shikamoo mama. Leo naomba kulima." Mama akakataa katakata. "Majirani watasema nini? Kwamba nimemlimisha mzungu?" Mzee ndiye aliyeamua. Alisema mpeni, asije akarudi kwao akasema alikaa Bunda wiki mbili na hakufundishwa kitu.

Alipalilia mistari miwili tu, mikono ikatoka malengelenge. Watu walisimama njiani kushangaa. Lakini jioni ile ndipo alipoingia nyumbani kweli. Mama akampaka mafuta viganjani huku akimgombeza, kwa nini hakusema mapema kwamba anaumia. Kuanzia hapo akawa anagombezwa kama sisi: kwa kuacha sufuria bila kuosha, kwa kuchelewa kuamka. Akala dagaa na ugali wa muhogo kama sisi, kuku wakapumua.

Siku ya kuondoka aliacha bahasha chini ya mto. Nadhani kuna mtu alimfundisha kwamba Afrika ukilala kwa watu unaacha hela. Mama aliumia sana. "Tangu lini mtoto akalipa kwao?" Mimi, mwenye akili za mjini, nikamwambia aichukue, kuna deni la VIKOBA. Hakunisemesha mpaka kesho yake. Bahasha ikarudishwa Dar kwa mkono wa mdogo wangu, na marejesho nikalipa mimi. Mpaka leo tukikumbushana tunabishana.

Sasa nije kwenye hasira yangu.

Wazazi wa yule binti waliguswa. Wakaandika barua kumwalika mdogo wangu akae nao wiki mbili mwaka huu, likizo ile ile. Tiketi juu yao, chakula juu yao, chumba kipo. Mdogo wangu akaanza kukusanya karatasi: barua ya chuo, barua ya mwaliko, taarifa ya benki, bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, na ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, hairudishwi hata ukikataliwa. Baada ya wiki kadhaa pasipoti ikarudi na karatasi moja. Kwa ufupi ilisema kuna mashaka kama ataondoka muda wa viza ukiisha. Ubalozi wenyewe siutaji, maana fomu ya nchi za Schengen ni moja na sababu hiyo imechapwa tayari, inasubiri alama ya tiki.

Nilimsomea mama kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nilimpa mtoto wao kitanda changu. Sikumuuliza atarudi lini kwao."

Najua mtakachosema. Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake, na wapo wenzetu waliokwenda kwa viza ya wiki mbili wakapotelea huko. Ni kweli, wala siwatetei. Lakini mtalii wa Ulaya akitaka kuja kwetu analipa dola 50, na wengi wao wanaweza kuipata viza wakishatua uwanjani. Hatumuulizi ana shilingi ngapi benki. Basi tusiuite mpango huu kubadilishana. Mtu akija kwangu nami siwezi kwenda kwake, huko ni kutembelewa.

Na hasara si ya mdogo wangu peke yake. Mwaka 1949 kijana mmoja wa Butiama, jirani zetu kabisa, alikwenda kusoma Edinburgh. Alirudi mwaka 1952 na shahada, mwaka 1954 akaiongoza TANU, na baadaye akiwa Ikulu akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Sisemi Ulaya ndiyo iliyomfanya Nyerere. Nasema alipata nafasi ya kuwaona waliotutawala wakiwa kwao, wakinywa chai yao na kulalamikia mvua yao. Mtu aliyewaona hivyo hawaogopi tena. Mama yangu hawaogopi wazungu tangu alipompaka mmoja mafuta. Kwa nini binti yake anyimwe elimu ile ile?

Kinachonifanya niandike ni kwamba inawezekana. Wanorwe walikuwa na shirika lao la kupeleka vijana nje tangu 1963, wakaenda mkono mmoja kwa miongo kadhaa. Mwaka 2000 wakalipanga upya ili vijana wa nchi zetu nao waende kwao. Leo linaitwa Norec. Erasmus ya Ulaya ilianza 1987 kwa ajili yao wenyewe, lakini tangu 2015 inagharimia pia wanafunzi wa vyuo vya Afrika kwenda na wa kwao kuja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vyuo vyetu. Mnaposaini mikataba hii mbele ya kamera zetu, mtuambie wanakuja wangapi na wanakwenda wangapi. Mkataba useme nani anashughulikia viza ya wetu, na nani analipa nauli. Mdogo wangu alikwenda dirishani na barua ya familia tu. Angekuwa na mkataba wa chuo mkononi, asingekuwa peke yake. Na ninyi vijana wenzangu, kabla hujaomba viza kwa mwaliko wa rafiki, nenda kwanza ofisi ya chuo ukaulize ni nafasi zipi za kwenda zimekaa bila mwombaji.

Kuhusu kupokea wageni, nilishauri nyumbani tupumzike kwanza. Mama amekataa. Mwezi huu yule binti aliandika kwamba amemaliza masomo na anataka kuja tena, safari hii na mama yake mzazi. Mama yangu ameshaniagiza jembe la pili.